Pilau ya Talaka

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aende zake, hatutamshika shati. Nchi ninayotaka kuwasimulia si hii yetu. Kwetu mambo yote yako sawasawa, tena nasema kwa sauti ili hata wale waliosimama kule nyuma bila kualikwa wasikie vizuri. Nchi hiyo ilikuwa mbali. Ukifika mwisho wa dunia unauliza tena. Iliitwa Shwari.

Shwari ilisifika kwa jambo moja: hakuna ndoa iliyowahi kuvunjika. Wageni walitoka ng'ambo kuja kustaajabu. Walionyeshwa mume na mke walioketi barazani bila kusemezana tangu mvua za mwaka juzi, nao wakaandika, "Amani." Mkuu wa nchi, Baba Shwari, alijiita Mume wa Taifa, na kila ulipofika uchaguzi wananchi walipanga foleni kuihuisha ndoa yao naye. Karatasi ya kura ilikuwa na picha moja na neno moja, "Ndiyo", ili wasiojua kusoma wasisumbuke. Nyumba ikitulia nchi imetulia, ndivyo redio ilivyosema kila asubuhi kabla ya kutangaza hali ya hewa, ambayo nayo ilikuwa shwari daima, hata siku ya mafuriko.

Sasa, katika mji mkuu aliishi mwanamke mmoja, Mwavita, mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, mahafali, kuapishwa kwa madiwani, kote huko aliyesimama jikoni ni Mwavita. Ilisemekana kwamba mtu akitaka kufa wakati Mwavita yuko safarini, jamaa zake humsihi avumilie kidogo. Alipikia bandani, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake karibu na soko. Mama naye alipikia hapo hapo, na ardhi ya pale ilikuwa nyeusi kwa majivu ya wawili hao.

Mumewe alikuwa Faraji Kombo, na huyu si mtu wa kupita naye kimyakimya. Alikuwa Mume wa Mfano wa Taifa. Cheo hicho alikipata kwa kuwa hakuwahi kulalamikiwa, na hakuwahi kulalamikiwa kwa kuwa ofisi ya malalamiko ilikuwa chini yake. Picha yake ilibandikwa kila ukuta, amemkumbatia Mwavita begani. Ilikuwa picha ya siku ya harusi, maana tangu siku ile hawakuwahi kusimama tena mahali pamoja kwa muda wa kutosha kupigwa nyingine. Faraji alilala mtaa wa nyuma, kwa mwanamke auzaye mitumba. Nyumbani alikuja saa ya kula. Alinawa, akala, akajilamba, akaondoka. Mwavita alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea jino bovu kwa kutafunia upande wa pili.

Lakini mchana mmoja Faraji, tonge liko mdomoni, akasema, "Nimewapa Serikali kiwanja. Watajenga Mnara wa Ndoa."

"Kiwanja gani?"

"Hiki."

"Cha mama yangu?"

"Kilikuwa cha mama yako. Wewe umeolewa." Akameza. "Siku ya Utulivu linawekwa jiwe la msingi, wakubwa wote watakuja. Nimeshawaambia wewe ndiye utakayepika."

Sheria ya Shwari ilikuwa wazi kuhusu hilo: mke hana kiwanja, ana mume mwenye kiwanja. Mwavita alimtazama mumewe, akautazama na ule mchuzi uliokuwa ukimtiririka kidevuni, kisha akanyoosha mkono akaiondoa sahani kabla hajamaliza. Katika ndoa ile jambo hilo halikuwahi kutokea, na Faraji alibaki na vidole hewani, hajui avipeleke wapi.

Jioni ile somo yake, Bi. Kidawa, aliyekuwa akimsaidia kumenya vitunguu tangu wote wawili wakiwa wasichana, akamwambia, "Mwanamke asiye na mume hanyang'anywi cha mamaye. Sheria haikumkumbuka."

"Basi na mimi sitaki kukumbukwa," Mwavita akasema. "Niachike."

Kwanza alikwenda kwa Wakili Ndekero, aliyekuwa bingwa wa kesi za talaka nchini. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na mwenyewe alikuwa na sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa.

"Binti yangu," akasema, "talaka si jambo la kukurupuka. Mimi hapa nina kesi niliyorithi kwa marehemu baba yangu, naye aliirithi kwa babu. Mume na mke walikwisha kufa, Mungu awarehemu, lakini kesi yao inakwenda vizuri sana."

"Mimi nataka kabla ya Siku ya Utulivu."

Wakili akacheka hadi akavua miwani. "Siku ya Utulivu ya utawala gani?"

"Basi nitajisemea mwenyewe."

"Huwezi. Mahakamani kuna lugha yake."

"Nimepikia misiba ya majaji wote wa mji huu," Mwavita akasema, akiinuka. "Wakifiwa wanalia kama sisi. Lugha tutaelewana."

Akaenda Idara ya Talaka. Msishangae, idara ilikuwepo. Nchi yoyote iliyostaarabika huwa nayo. Jengo lilikuwa zuri, limepakwa rangi ya krimu, ila mlango ulikuwa umechorwa tu ukutani, na kitasa chake kimechorwa kwa ustadi mkubwa. Mwavita alipapasa ukuta ule hadi akachoka. Mwishowe dirisha likafunguka, akachungulia Mkurugenzi wa Talaka, Bwana Thabiti, koti limemwelemea kwa nishani. Kila mwaka alipewa nishani moja kwa kutofanya kazi yoyote.

"Unataka nini, mama?"

"Talaka."

Bwana Thabiti akatazama kulia, akatazama kushoto. "Punguza sauti, kuna watu wamelala. Wewe si mke wa Mume wa Mfano?"

"Ndiye."

"Basi utaratibu ni rahisi. Wanaotaka kuachana huja wote wawili, wameshikana mikono, wamevaa sare, wanatabasamu. Hapo tunajua wanaachana kwa upendo. Wakija wamenuna tunajua wana hasira, na mwenye hasira hawezi kuamua. Tunawarudisha."

"Na wakija wameshikana mikono wanatabasamu?"

"Hao tunawapongeza, wanarudi nyumbani. Wanaopendana hivyo wataachanaje?" Mkurugenzi akashusha pumzi, akasema kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtumishi tu. "Mama, nikikuruhusu wewe useme 'nimekuchoka', kesho kila mtu atasema, na si kwa waume tu. Unanielewa?"

"Nakuelewa kuliko unavyojielewa," Mwavita akasema, na akaenda moja kwa moja mahakamani. Huko hakuzuiwa, kwa kuwa askari wa mlangoni alidhani ameleta chakula.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Jaji Mlekwa alikuwa mtu mnene mwenye usingizi mwepesi, na kumpelekea yeye ndoa ya Faraji ilikuwa kesi ya nyani kumpelekea ngedere, kwa sababu siku ya harusi ile Jaji ndiye aliyeongoza maombi ya chakula, na ndiye aliyekimaliza.

"Wakili wa mdai asimame," karani akasema.

Mwavita akasimama.

"Mdai akae."

Mwavita akakaa.

"Nimesema wakili asimame."

Akasimama tena. Watu wakaanza kuguna. Faraji, amevaa suti kama ile ya kwenye picha, akatabasamu kwa wote kama mtu anayegombea kitu. Jaji Mlekwa akaamuru viletwe viti viwili: kimoja cha wakili, kimoja cha mteja. Bi. Mwavita akisema kama wakili akae huku, akijibu kama mteja ahamie kule, na wasinong'onezane bila idhini ya mahakama.

Mwavita akafunga kanga yake vizuri, akakaa kiti cha wakili. "Bi. Mwavita, iambie mahakama, mumeo analala wapi?"

Akainuka, akahamia. "Mtaa wa nyuma, kwa muuza mitumba."

Akarudi. "Nani anayejua jambo hilo?"

Akahama. "Mahakama nzima. Hata suti aliyovaa ilitoka huko."

"Wakili amwonye mteja wake," Jaji akafoka.

Mwavita akarudi kiti cha wakili, akakigeukia kile kiti kitupu kwa sura ya masikitiko. "Bi. Mwavita, mahakama inakuonya. Usirudie tena kusema yanayojulikana na watu wote."

Kicheko kilichotoka nyuma kilikuwa kikubwa, karani akagonga meza hadi kalamu zikadondoka. Wakili Ndekero, aliyekuja kutazama biashara yake ikiharibiwa, alikuwa amejishika kichwa. Jaji akaona mambo yanakwenda kubaya. Akaingia chumbani kwake kutafakari, na harufu ya samaki wa kukaanga iliyotoka humo ilionyesha kwamba anatafakari kwa kina. Alipotoka alisoma hukumu.

"Mahakama imejiuliza: ndoa hii ilifungwa na nani? Na mume na mke? Hasha. Watu hawa wawili siku ile hawakula kitu, walikuwa wakipigwa picha. Kwa hiyo kisheria hawahusiki. Katika nchi yetu aliyekula ndiye aliyeshuhudia, na huo ni msingi tuliorithi kwa wazee. Ndoa ilifungwa na waliokula pilau. Basi haitafunguliwa mpaka wote waliokula siku ile, wakiwemo waheshimiwa viongozi, wakutane mahali pamoja kwa hiari yao na wale pilau tena kwa nia ya kuifungua. Nimemaliza."

Bwana Thabiti akapiga makofi peke yake. Ilikuwa hukumu nzuri mno. Waheshimiwa wale kukutanika kuvunja ndoa ya Mume wa Mfano, nani angewakusanya?

"Mheshimiwa," Mwavita akasema, "naomba isomwe tena. Mteja wangu hakusikia vizuri."

Ikasomwa tena, ikapigwa muhuri. Nje Faraji akamshika mkewe bega, kwa ajili ya wapiga picha. "Umeshindwa, mke wangu. Sasa nenda kapike, Siku ya Utulivu ndiyo hiyo."

"Nitapika," Mwavita akasema, akauondoa mkono wake begani kama anayeondoa mdudu.

Wakiwa wanachambua mchele, Bi. Kidawa alikuwa analia, na safari hii si kwa vitunguu. "Watalifukia jiko la mama yako, somo. Na hukumu yenyewe ndiyo hiyo. Nani atakubali kuja kula pilau ya talaka?"

"Kidawa, nani amealikwa kwenye jiwe la msingi?"

"Si wale wale. Shughuli za nchi hii ni nyingi, lakini walaji ni wale wale."

"Na waliokula harusini kwangu?"

Bi. Kidawa akaacha kulia. Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Tuwawekee tu. Wakishakula ndipo uwaambie."

"La," Mwavita akasema. "Sitawavizia. Nimeibiwa kwa kuviziwa, mimi nataka changu kwa kusema. Nitawaambia kwanza, kisha niwatazame."

Siku ya Utulivu ikafika. Turubai zikafungwa kiwanjani, jiwe likaletwa limefunikwa bendera, waheshimiwa wakaketi mbele na wananchi wakasimama juani kwa utulivu. Bwana Thabiti akapanda jukwaani kusoma historia ya ndoa. Alianza na Adamu na Hawa, na jua lilipofika utosini alikuwa bado yumo kwenye safina ya Nuhu.

Ndipo Mwavita akafunua sufuria.

Harufu ilitoka bandani ikapita kwa wananchi, ikapita kwa askari, ikafika jukwaani. Ilikuwa na bizari nyembamba, mdalasini, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa rangi ya udongo, na mbuzi aliyepikwa na mtu asiye na haraka. Jaji Mlekwa akazinduka usingizini akiwa tayari anatafuna. Bwana Thabiti akapoteza mstari, akautafuta, akaukosa. "Na hao wengine wote waliofuata nao walioana," akasema. "Asanteni kwa kunisikiliza."

"Waheshimiwa, chakula," Faraji akatangaza, na msafara ukaelekea bandani kabla jiwe halijawekwa.

Mwavita alikuwa amesimama mbele ya masufuria, upawa mkononi. Hakusogea.

"Karibuni," akasema. "Lakini kabla sijapakua nawaambia. Nimepika pilau hii kwa nia ya talaka yangu na Faraji Kombo, kama mahakama ilivyoamuru. Ninyi ndio mliokula siku ile. Hiki ni kiwanja cha mama yangu, na mimi nimechoka kuwa picha ya ukutani. Anayepokea sahani amenifungua. Asiyetaka, maji yapo pale kwenye ndoo, ya baridi kabisa."

Wakatazamana. Wakaitazama ndoo. Wakili Ndekero akakohoa, akapendekeza shauri liahirishwe hadi wakati muafaka.

"Pilau haiahirishwi," Bi. Kidawa akasema. "Inapoa."

Waheshimiwa wakamgeukia Jaji Mlekwa. Jaji alikuwa akilitazama sufuria, na jasho linamtoka. "Kuna suala moja la kisheria," akasema taratibu. "Ukoko upo?"

"Upo."

"Mahakama haiwezi kudharau amri yake yenyewe," Jaji akasema, akapokea sahani.

Baada ya hapo kila mmoja alitaka kuwa wa pili. Walisukumana. Aliyebaki nyuma ni Bwana Thabiti, maskini, nishani zinalia kifuani kama njuga. Maisha yake yote yalikuwa ile sifuri ya talaka aliyoiandika kila mwaka. Akamwomba Mwavita, machozi yakimlengalenga, "Je, nikila bila kuhesabiwa?"

"Hapana, baba. Nakuhesabu."

Bwana Thabiti akafikiri. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akalinyoosha vizuri. "Mkurugenzi amebaki pale," akasema akikionyesha kiti. "Anayekula ni mimi Thabiti." Akala sahani mbili, akiwa ameligeuzia koti mgongo.

"Waheshimiwa, jamani, mnakula ndoa yangu," Faraji akalia, akizunguka meza hadi meza. Hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja alimwuliza kama kuna kachumbari.

"Mlikwisha kula siku ile mkaifunga," akasema tena. "Hamuwezi kula mara mbili."

"Mla ni mla leo," Bi. Kidawa akamjibu, akimpita na sinia. "Mla jana kala nini?"

Jaji Mlekwa alipomaliza ukoko alinawa, akapangusa midomo kwa bendera iliyokuwa jirani, akasema kwamba mahakama imeridhika, ndoa imefunguka, na kiwanja kinabaki kwa mwenyewe. Alisema haraka ili apate kuongezwa. Mwavita alifumba macho kidogo.

Faraji alikuwa wa mwisho kuelewa. Alisimama mbele ya mke aliyekuwa wake, suti imemlegea, akauliza jambo ambalo nadhani lilitoka moyoni kweli. "Sasa mimi nitakuwa nakula wapi?"

"Pale pale unapolala," Mwavita akasema, akageukia kupakulia wananchi, maana wao walikuwa hawajala bado.

Na hadithi ingekuwa imekwisha hapo, watu wakaenda zao. Bahati mbaya, katika wale waliokuwa wakipakuliwa alikuwemo bibi mmoja kikongwe, ameshika sahani yake kwa mikono miwili, na bibi huyo alikuwa na tabia mbaya ya kukumbuka.

"Mheshimiwa Jaji, nina swali dogo," akasema. "Siku Baba Shwari alipoapishwa ile mara ya kwanza, mimi nilikuwa msichana. Tulipikiwa pilau viwanjani, kila mji. Tukaambiwa ndiyo ndoa yetu hiyo."

Tonge la Jaji likasimama njiani.

"Tulikula nchi nzima," bibi akasema. "Nauliza tu."

Bwana Thabiti akalikimbilia koti lake, akakosea mkono. Wakili Ndekero akaanza kusema kwamba suala hilo ni pana, lakini hakuna aliyemgeukia. Askari mmoja aliyekuwa akilinda jiwe, sahani mkononi, akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Mama yangu naye alikula. Alikuwa akinisimulia, nyama zilikuwa chache."

Watu hawakupiga kelele. Waligeuka tu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Mwavita. Bi. Kidawa alimsogelea hadi mabega yao yakagusana.

"Nchi nzima, somo," akanong'ona. "Utaiweza?"

Mwavita akainama, akachungulia ndani ya sufuria kubwa. Lilikuwa limekwisha, limebaki kung'aa chini. Akakaza kanga kiunoni.

"Leteni kuni," akasema.